Bunju na Bahari Anayotoka: Historia ya Sumu Isiyo Sawa Kila Mahali

Bunju ni samaki wa jamii ya Tetraodontidae, mwenye meno manne makubwa yaliyoshikana, ngozi isiyo na magamba ya kawaida, na tumbo linaloweza kujaa maji au hewa mpaka mwili wote ukawa duara. Spishi zake zinakaribia 200. Wengi wanaishi katika bahari za joto na zenye joto la wastani, lakini wapo pia wa maji baridi: mmoja yuko mto Nile na ziwa Turkana, mwingine, Tetraodon mbu, yuko bonde la Kongo na ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya spishi hizi hubeba sumu ya neva ambayo haiharibiwi na moto wa jikoni, na dawa ya kuiondoa mwilini haijapatikana. Hata hivyo sumu hiyo haikai kwa kipimo kimoja. Hubadilika kwa spishi, kwa kiungo, kwa jinsia na kwa msimu, na hubadilika pia kwa mahali: bunju wa spishi ileile anaweza kuwa chakula katika ghuba moja na kifo katika ghuba ya jirani. Jambo hili la mwisho ndilo lililochelewa zaidi kueleweka, na watu wengi wamekufa kabla halijaingia katika sheria.

Binadamu walimfahamu bunju mapema. Wamisri walimchora katika kaburi la Ti huko Saqqara, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mifupa yake imefukuliwa Japani katika malundo ya kombe ya zama za Jomon, ishara kwamba wakazi wa pwani hizo walikuwa wakimla maelfu ya miaka kabla ya kuwapo maandishi. Nchini China, bunju wa mto Yangtze alisifiwa na walaji wa tabaka la juu, akiwemo mshairi Su Shi wa karne ya 11, na tabibu Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa kilichapishwa mwaka 1596, alionya juu ya maini na mayai yake. Onyo hilo lilikuwa sahihi kwa samaki wa mto ule. Kasoro yake ni kwamba lilimfanya msomaji aamini kuwa mtu akishatupa maini na mayai, hatari imekwisha. Katika bahari nyingine imani hiyo imeua.

Japani ndiko marufuku za kwanza kubwa zilikotolewa. Katika miaka ya 1590 Toyotomi Hideyoshi alikusanya majeshi yake Kyushu tayari kuivamia Korea. Askari waliotoka mikoa ya ndani, wasiozoea samaki wa pwani, walikula bunju na kufa, naye akakataza kuliwa kwake. Utawala wa Tokugawa uliofuata uliendeleza katazo kwa askari wa tabaka la samurai. Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani aliyekaa Nagasaki kati ya 1690 na 1692, aliandika kwamba askari akifa kwa samaki huyo mwanawe alipoteza haki ya kurithi cheo cha baba. Raia wa kawaida waliendelea kumla kwa siri. Serikali ya Meiji nayo iliweka katazo katika sheria ya mwaka 1882, lakini halikudumu Shimonoseki, mji ulioishi kwa uvuvi huo. Inasimuliwa kwamba waziri mkuu Ito Hirobumi aliandaliwa bunju katika nyumba ya wageni ya Shunpanro wakati bahari ilipokuwa chafu na samaki wengine hawakupatikana. Alipendezwa, na mwaka 1888 mkoa wa Yamaguchi ukaruhusiwa kumuuza.

Mabaharia wa Ulaya walijifunza kwa njia ngumu zaidi. Septemba 1774 meli Resolution ya James Cook ilitia nanga Kaledonia Mpya. Karani wa meli alinunua samaki mkubwa kutoka kwa mwenyeji, na Johann Reinhold Forster na mwanawe Georg, wanasayansi wa safari ile, wakaanza kumchora na kumwandika. Shughuli ikachukua muda mpaka jioni, kwa hiyo yakapikwa maini na mayai tu. Cook na akina Forster walionja kidogo. Alfajiri waliamka viungo vimekufa ganzi, nguvu zimewaishia. Cook aliandika kwamba mkono wake haukuweza kutofautisha uzito wa chombo kilichojaa maji na uzito wa unyoya. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yule alikutwa amekufa. Asubuhi wenyeji walipopanda melini na kumwona samaki ametundikwa, walionyesha kwa ishara kwamba haliwi. Elimu iliyohitajika ilikuwapo palepale pwani, kwa watu waliomfahamu samaki wa maji yao. Wataalamu wengi wanaamini alikuwa Lagocephalus sceleratus, bunju mwenye madoadoa na ubavu wa rangi ya fedha, ambaye karne mbili baadaye angesumbua bahari nyingine kabisa.

Uchunguzi wa maabara ulianza Tokyo. Mwaka 1909 mkemia Tahara Yoshizumi alitangaza kuwa ameitenga sumu kutoka mayai ya bunju na kuiita tetrodotoksini, ingawa kilichokuwa mkononi mwake hakikuwa safi. Umbo kamili la molekuli lilifumbuliwa mwaka 1964 na makundi matatu yaliyofanya kazi kila moja peke yake, la Tsuda Kyosuke, la Hirata Yoshimasa na Goto Toshio, na la Robert Woodward wa Harvard, na matokeo yao yakawasilishwa katika mkutano mmoja mjini Kyoto. Mwaka huohuo Narahashi Toshio na wenzake walionyesha inavyofanya kazi. Neva hupeleka ujumbe kwa kupitisha chembe za sodiamu katika milango midogo iliyo kwenye utando wake. Tetrodotoksini huziba mlango kutoka nje. Midomo na ulimi hufa ganzi, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 45, kisha mikono na miguu hulegea, na katika hali mbaya misuli ya kupumua husimama huku mgonjwa akiwa na fahamu zake. Tiba iliyopo ni kumpumulisha kwa mashine mpaka mwili uitoe sumu wenyewe. Anayevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona. Bunju mwenyewe hadhuriki, kwa kuwa milango ya neva zake ina tofauti ndogo inayoizuia sumu isishike.

Kabla ya fumbo hilo kufumbuliwa, mtafiti Tani Iwao alikuwa amefanya kazi isiyo na sifa kubwa lakini yenye faida zaidi kwa mlaji. Katika ripoti aliyoitoa mwaka 1945 alipanga bunju wa Japani spishi kwa spishi na kiungo kwa kiungo: maini, mifuko ya mayai, korodani, ngozi, matumbo, minofu. Kipimo kilikuwa panya wa maabara. Kiasi cha sumu kinachomuua panya dume wa gramu 20 ndani ya dakika 30 kinahesabiwa kuwa kizio kimoja, na baadaye ilijulikana kwamba ni sawa na takriban mikrogramu 0.22 za tetrodotoksini. Kwa mtu mzima, vizio 10,000, yaani kama miligramu 2, huhesabiwa kuwa dozi ya kuua. Kiungo chenye chini ya vizio 10 kwa gramu huchukuliwa kuwa salama. Chenye zaidi ya 1,000 huitwa kikali mno, na gramu 10 tu zake zinatosha kuua. Vipimo hivyo vilionyesha pia nguvu ya msimu. Mifuko ya mayai huwa mikali kuliko wakati wowote kabla ya kutaga, kwa kuwa jike huweka sumu katika mayai ili kuyalinda.

Jedwali la Tani likawa msingi wa kanuni. Osaka iliweka utaratibu wa kuwasajili wapishi wa bunju mwaka 1948, Tokyo mwaka 1949, na mikoa mingine ikafuata, kila mmoja kwa njia yake. Vifo vilipungua lakini havikukoma. Kati ya 1974 na 1983 watu 646 waliugua nchini humo na 179 wakafa. Aliyejulikana zaidi alikuwa mwigizaji wa kabuki Bando Mitsugoro wa nane, aliyekula mafungu manne ya maini ya bunju mjini Kyoto, Januari 1975, akafa usiku ule. Mnamo 1983 wizara ya afya ilitoa orodha moja kwa nchi nzima, ikitaja spishi na viungo vinavyoruhusiwa. Maini hayakuruhusiwa kwa spishi yoyote.

Mafanikio makubwa ya orodha ile, na kinachoifanya istahili kusomwa na kila anayetunga kanuni za samaki, ni kwamba ilitaja mahali. Inahusu samaki waliovuliwa pwani za Japani, Bahari ya Japani, Bahari ya Bohai, Bahari ya Manjano na Bahari ya China Mashariki tu. Ndani ya Japani yenyewe ina ubaguzi wake. Komonfugu na higanfugu ni spishi ambazo minofu yake inaruhusiwa kuliwa, isipokuwa samaki akiwa ametoka ghuba za Okirai na Kamaishi mkoani Iwate au ghuba ya Ogatsu mkoani Miyagi, kwa sababu huko minofu yenyewe ilikutwa na sumu. Nashifugu anaruhusiwa akiwa ametoka Bahari ya Ariake, ghuba ya Tachibana, au upande wa Kagawa na Okayama wa Bahari ya Ndani ya Seto. Akitoka kwingine, haliwi. Mpishi anaweza kuwa na kisu kizuri na leseni mkononi na bado asiweze kuziona tofauti hizi kwa macho. Anachohitaji ni kujua chombo kilivulia wapi, na hapo usalama wa mlaji unamtegemea mvuvi na karatasi za mnada kuliko ustadi wa jikoni.

Sababu ya tofauti hizo ilidhihirika taratibu. Kama bunju angekuwa anatengeneza sumu yake mwenyewe, ingetarajiwa spishi moja iwe na ukali unaokaribiana kila mahali. Lakini katika ndoo moja ya samaki wa spishi moja, mmoja huwa mkali na mwenzake hana kitu. Halafu tetrodotoksini ikaanza kupatikana kwa viumbe visivyo na undugu wowote na bunju: mjusi wa majini wa California, pweza mdogo mwenye pete za buluu wa Australia, viti vya pweza, konokono wa baharini, minyoo bapa. Katika miaka ya 1980 Noguchi Tamao, Yasumoto Takeshi na wenzao walitenga bakteria wa baharini wanaohusishwa na sumu hiyo, baadhi wakiwa wamekaa juu ya mwani mwekundu. Bunju waliofugwa tangu utotoni kwa chakula kisicho na sumu walikua bila sumu. Watafiti wa Nagasaki walipima maelfu ya bunju wa kufugwa wa spishi ya torafugu na kukuta maini yao salama, na wale waliolishwa chakula chenye tetrodotoksini waliikusanya miilini mwao. Picha inayokubalika sasa ni ya mnyororo: bakteria, kisha wanyama wadogo wa chini, kisha bunju. Wakazi wa sakafu ya bahari hawafanani ghuba kwa ghuba, na kwa hiyo chakula cha bunju hakifanani, wala sumu yake.

Kusini mwa Japani hesabu hubadilika zaidi. Lagocephalus spadiceus huliwa sana Asia ya Mashariki na kuhesabiwa kuwa salama. Ndugu yake Lagocephalus lunaris anafanana naye karibu kila kitu, ila huyu hubeba sumu ndani ya minofu. Boti zilizovua katika maji ya joto zimeleta sokoni spishi hizi mbili zikiwa zimechanganyika, na ndipo ulipotokea msururu wa ajali Taiwan na Thailand. Samaki akishakatwa minofu, kukaushwa au kugandishwa, hata mtaalamu hawezi kumtambua bila kupima vinasaba. Marekani iliyaona hayo mwaka 2007, pale watu wawili wa Chicago walipougua kwa kula samaki aliyeingizwa nchini kwa jina la spishi nyingine, kumbe alikuwa bunju. Nchini Bangladesh, ambako wengi walioathirika walikuwa maskini waliotafuta kitoweo cha bei nafuu, milipuko mitatu ya mwaka 2008 ilipeleka hospitalini watu 141, na 17 kati yao walikufa. Bunju wa baharini walikuwa wamefikishwa masoko ya bara, kwa wateja waliozoea bunju wadogo wa mitoni na wasioona sababu ya kuogopa. Hao waliuawa na umbali kati ya pwani na soko: samaki alisafiri, maarifa ya waliomvua yakabaki nyuma.

Hata sumu yenyewe si ileile kila mahali. Bunju wengi wa maji baridi wa Asia ya Kusini-Mashariki hawana tetrodotoksini. Wana saksitoksini, sumu inayojulikana zaidi kwa kome na chaza. Huziba milango ileile ya sodiamu na dalili zinafanana, lakini chanzo chake ni kingine, na kipimo cha maabara kilichoandaliwa kwa ajili ya moja kinaweza kuikosa nyingine.

Jambo hilo ndilo lililoizindua Florida. Kwenye pwani ya mashariki ya Marekani bunju wa jenasi ya Sphoeroides walikuwa chakula cha kawaida. Bunju wa kaskazini aliuzwa sana wakati wa vita kuu ya pili, nyama ilipoadimika, na mpaka leo minofu yake huliwa kati ya Virginia na New York bila madhara. Florida nako wavuvi wa ndoano walimla bunju wa kusini kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2002 watu wakaanza kuugua, baadhi yao mbali kaskazini huko New Jersey, baada ya kula samaki waliovuliwa karibu na Titusville. Madaktari walitarajia tetrodotoksini. Maabara zilikuta saksitoksini, tena ndani ya minofu, sehemu ambayo kila mlaji aliiamini. Mpaka 2004 wagonjwa walikuwa 28 katika majimbo manne, na samaki wote walitoka mahali pamoja, Indian River Lagoon, wangwa mrefu wenye maji ya chumvi yasiyobadilishwa upesi na bahari kuu. Chanzo kilikuwa Pyrodinium bahamense, mwani wa chembe moja unaong'aa usiku, ambao katika Atlantiki ya magharibi ulidhaniwa hauna sumu kabisa. Jimbo lilipiga marufuku uvuvi wa bunju katika wangwa huo mwaka 2002, na mwaka 2004 likalifanya katazo kuwa la kudumu katika kaunti tano zinazopakana nao. Hakuna aliyemkataza bunju wa kaskazini kwa makosa ya wangwa wa Florida, na uamuzi huo wa kufuata ramani badala ya jina la samaki ulikuwa wa haki kwa wavuvi na kwa walaji pia.

Ulaya ilichagua njia nyingine. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2004 zinazuia kuuzwa kwa bunju wa aina yoyote, bila kuangalia spishi wala asili. Wakati huo tatizo lilikuwa ndiyo kwanza limeingia mlangoni. Lagocephalus sceleratus alionekana mara ya kwanza katika Bahari ya Mediterania mwaka 2003, ghuba ya Gökova nchini Uturuki, akiwa amepita Mfereji wa Suez kutoka Bahari ya Shamu. Ndani ya miaka michache alienea Israeli, Lebanoni, Misri, Cyprus na Ugiriki, akikata nyavu na ndoano kwa meno yake. Pwani hizo hazikuwa na mazoea naye. Mvuvi aliona samaki mnene mwenye nyama nyeupe. Nchini Israeli watu 13 walilazwa kati ya 2005 na 2008. Uturuki na Cyprus zimekuwa zikiwalipa wavuvi fedha kwa kila bunju wanayemtoa baharini.

Katika Bahari ya Hindi magharibi samaki huyohuyo ni mwenyeji wa asili, na pwani ya Waswahili inamjua bunju kama samaki wa kutupwa. Ajali hutokea palepale mazoea hayo yanapokatika, kwa njaa, kwa ugeni au kwa kudhani kwamba kuna namna ya kumsafisha. Mwaka 1967 jarida la udaktari la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya mvuvi wa Zanzibar aliyekufa kwa sumu hiyo. Mwaka 1998 kifo kilitokea Nosy Be, Madagaska, na Septemba 2013 watu 10 wa familia moja waliugua kisiwani Réunion baada ya kumla Lagocephalus sceleratus. Katika fukwe ambako hospitali yenye mashine ya kupumulia iko mbali kwa saa nyingi, orodha ya viungo salama kwa mtindo wa Japani ingekuwa hatari kuliko kutokuwa na orodha, maana ilipimwa kwa samaki wa maji mengine. Ushauri wa wazee wa pwani, kutokumla bunju kabisa, ndio unaolingana na hali hiyo.

Ufugaji umefungua mjadala mpya. China, iliyokuwa imekataza biashara ya bunju, iliruhusu mwaka 2016 spishi mbili za kufugwa, zikiwa zimechakatwa na viwanda vilivyosajiliwa. Nchini Japani mkoa wa Saga uliomba maini ya torafugu waliofugwa nchi kavu kwa chakula kilichodhibitiwa yaruhusiwe kuliwa. Tume ya usalama wa chakula ilikataa mwaka 2017, kwa hoja kwamba usalama wake hauwezi kuthibitishwa wakati namna bunju wanavyopata sumu haijafahamika yote. Wafugaji walikuwa na vipimo vyao. Tume ilikuwa na kumbukumbu ya mwigizaji aliyekufa mwaka 1975 na ya mamia ya wengine.

Wakati huohuo bahari yenyewe inabadilika. Kwenye pwani ya Pasifiki ya kaskazini-mashariki mwa Japani, kuanzia miaka ya 2010, nyavu zimekuwa zikileta bunju wengi wasiofanana na spishi yoyote iliyoorodheshwa. Takahashi Hiroshi na wenzake walipopima vinasaba walikuta ni machotara wa gomafugu, ambaye zamani alikuwa zaidi wa Bahari ya Japani, na shosaifugu wa upande wa Pasifiki. Maji yaliyopata joto yamemsukuma wa kwanza kaskazini mpaka akazunguka na kukutana na wa pili. Spishi hizi hazina sumu katika viungo vilevile, na hakuna jedwali linaloeleza mtoto wao ameirithi wapi. Wavuvi na wachambuzi wa samaki wameagizwa kumtupa kila bunju asiyetambulika, hata kama amejaza nusu ya wavu.